Mistari Minne ya Walburga

Nilivuna zabibu za jirani yangu Ewald. Sikuziiba, naapa, nilikosea. Ila kosa lenyewe nililijua siku hiyohiyo, na nikafunga mdomo kwa miezi saba. Kwa hiyo niiteni mnavyotaka.

Ilikuwa Novemba. Hapa kijijini kando ya mto Mosel kila mtu alikuwa ameshavuna, isipokuwa mimi na Ewald, wazee wawili wabishi tunaoziacha zabibu mpaka zisinyae kwa utamu. Mistari yetu ya mizabibu inapakana kule juu kwenye mteremko wa mawe meusi, bila ua wala alama. Asubuhi hiyo ukungu ulipanda kutoka mtoni, hata mkono wako huuoni. Nikahesabu nguzo kwa kupapasa, nikawaambia wavunaji, "Anzieni hapa."

Adhuhuri zilikuwa zimeshakamuliwa. Nikapima sukari, nikafuta kipimo, nikapima tena. Zangu hazijawahi kufikia utamu ule. Ukungu ulipoinuka nikatazama mlimani: mistari yangu minne ilikuwa bado imejaa, ya Ewald mitupu.

Ningeweza kumpa zangu palepale. Nilijiambia nitakwenda kesho. Kesho yake mvua ikaanza, ikanyesha siku nne, zangu zikaoza zote. Lakini aliyekuja kwanza ni yeye, kalowa chapachapa, kofia mkononi.

"Gereon, nguruwe mwitu wamenimalizia zabibu."

"Washenzi hao!" nikasema. "Pole sana, jirani."

"Mizabibu ile aliipanda Walburga kwa mikono yake. Nilitaka pipa moja tu la divai, watoto wainywe siku ya kumkumbuka mama yao."

Nikamwambia pole tena. Ndiyo, mdomo huuhuu.

Juni tukaweka meza uani kwangu, majirani wakaja kuonja. Divai ilitoka nyeupe, tamu kiasi, na uchachu nyuma yake unaokufanya utake tena. Sijawahi kutengeneza kitu kama kile, na kwa kweli sikukitengeneza.

"We Gereon, mwaka huu umeroga!" akapiga kelele Burkhard, fundi mapipa. "Miaka yote unatunywesha siki, leo imekuwaje?"

Wakacheka. Mke wangu Mechthild alicheka kuliko wote, kwa fahari. Ewald alikuwa amekaa pembeni. Akanywa funda moja, akalishikilia mdomoni kwa muda mrefu, macho kayafumba.

"Gereon anajua kusubiri," akasema, akaweka glasi chini, akaondoka.

Nikamkimbilia, nikamkuta getini.

"Ewald, zile zabibu zako..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Tangu lini nguruwe akakata vikonyo kwa mkasi? Hata jani halikukanyagwa."

Nilitamani ardhi inimeze. "Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuja kwako useme wewe. Nikakutajia nguruwe makusudi, nione utamkataa au utampokea." Akavaa kofia yake. "Ukampokea, tena ukamtukana. Nikarudi nyumbani. Nikasema labda Krismasi atakuja. Labda Pasaka."

"Ulikuwa ukungu, Ewald. Nilikosea kuhesabu."

"Hilo lingeweza kumpata hata Mtoto Yesu. Sina neno na ukungu."

Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nizaliwe, na nina miaka sitini na minane.

"Chukua chupa zote," nikasema. "Leo hii nakuletea."

"Nitachukua. Lakini kwanza rudi mezani uwaambie divai ni ya nani."

Akabaki palepale getini, mikono mfukoni. Nikarudi. Burkhard alikuwa amesimama, ameinua glasi kwa heshima yangu, na Mechthild ananitazama kama siku ya harusi yetu.

"Divai hii si yangu," nikasema.

Wakaangua kicheko, wakidhani nafanya utani. Ikabidi niseme mara ya pili.