Mwezi wa Pili Ukutani

...na sasa komeo limeingia, nimelisikia, Lubbert yumo chooni na mimi nimeshika sahani ya keki kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe, na ameondoka akicheka, "Ngoja nikaone kama jina langu bado lipo kwenye kalenda yenu," maana nani katika nchi hii huingia choo cha mwenzake asiisome kalenda ya siku za kuzaliwa, ipo pale ukutani mbele ya macho yako, umekaa, huna kazi nyingine, unasoma nani kazaliwa lini na unatafuta jina lako, na mimi Egbert, mtu mzima wa miaka sabini na moja, nimeuficha mchoro wangu humo humo, kati ya mwezi wa pili na wa tatu, na leo ni tarehe mosi mwezi wa tatu, leo ndiyo siku ya kuzaliwa ya mke wangu Geesje, na kalenda bado iko mwezi wa pili kwa sababu nimesahau kuufungua, na Lubbert ni mtu wa mpangilio, hawezi kuona mwezi uliopita akauacha, mkono wake utakwenda wenyewe... "Egbert, hiyo keki ni ya kutazama au ya kula?" huyo ni shemeji yangu Alie, dada wa Geesje, na wote katika duara wanacheka, viti kumi na viwili vimepangwa kuzunguka sebule, magoti yanaangaliana, na kila aliyeingia alizunguka, kama desturi yetu, akatoa mkono kwa kila mtu, hongera kwa mkeo, hongera kwa dada yako, hongera kwa mama yako, hongera kwa jirani yako, nami nimesema asante mara kumi na moja na kila mara nilikuwa nahesabu hatua kutoka kiti changu hadi choo, tisa, ni tisa tu, na sikuzitembea. Nilikuwa na asubuhi nzima. Kwa nini kule? Kwa sababu choo cha mlangoni ndicho chumba pekee katika nyumba hii ninachoweza kujifungia bila kuulizwa, nilichora nimekaa pale na rula yangu ya kukunja na karatasi ya miraba, na kwa sababu Geesje haingii kule tangu alipopasuliwa mgongo, kigari chake cha kutembelea hakipiti mlangoni, ana choo chake chenye vishikio kando ya chumba cha nyuma tulikomshushia kitanda, na darini hajapanda miaka sita, kwa hiyo nikasema, akili yangu hiyo, nikasema vyumba viwili asivyofika, kimoja cha kuchorea na kimoja cha kujengea... mita nne kwa mbili na nusu, chini ya mteremko wa paa, ukuta wa mbao hapa, taa hapa, feni hapa, bomba la hewa litoke kwenye bomba la moshi la zamani, mlango uwe nyuma ya kabati la nguo za baridi, na ndani yake mimea sita ya bangi, basi, sita, si shamba, na kila kitu nimekiandika kwa herufi zangu nzuri za msoma mita za umeme, hakuna asiyejua mwandiko wangu mtaa huu, Lubbert hatahitaji hata miwani. "Mbona kimya hivyo," anasema jirani Hennie, mke wa Lubbert, "au unaogopa mwakani utakuwa wewe wa kusukumwa?" nami nasema, "Mimi nitasukumwa na wewe, Hennie, una mikono ya kufulia," wanacheka tena, sauti imetoka vizuri, ajabu jinsi mdomo unavyojua kazi yake peke yake, na sikio langu lote liko mlangoni, maji bado hayajavutwa. Lubbert ndiye mwenyekiti wa kamati ya wapangaji. Ndiye aliyetugawia ile barua ya shirika la nyumba, mlango kwa mlango, mmea wowote wa bangi chini ya taa na mkataba wa nyumba umekwisha, hakuna onyo, hakuna mara ya pili, nami niliisaini mbele yake, kwa kalamu yake, na theluji ilipoanguka mwezi uliopita alisimama barabarani mikono mfukoni anaangalia mapaa, paa moja baada ya jingine, nikatoka nikasimama naye, "Unatafuta nini?" "Paa lililo tupu," akasema, "penye joto la taa theluji haikai, Egbert, wewe ndiye uliyenifundisha," na ni kweli, mimi ndiye niliyemfundisha. Geesje amebadilisha mkono. Nimeona. Mkono wa kushoto ukilala juu ya goti hivyo, kidole gumba ndani ya ngumi, ni maumivu ya namba saba kati ya kumi, labda nane, anatabasamu na mtoto wa Alie anamweleza habari za jiko lake jipya na Geesje anasema, "Kumbe, na linajizima lenyewe?" na ngumi inakaza, leo ni mbaya kuliko jana, ni wageni, nadhani, ni kukaa wima muda mrefu. Ile chupa aliyoileta binti yetu Marleen kiangazi kile, mafuta ya bangi, matone matatu chini ya ulimi, alilala mpaka saa mbili asubuhi, mimi nimesimama kando ya kitanda nasikiliza pumzi yake kama tulivyosimama na Marleen alipokuwa mchanga, nilidhani amekufa, alikuwa amelala tu, nilikuwa nimesahau sura yake akilala... ikaisha, na yule aliyeitengeneza kahamia mbali, na ya dukani ni bahati nasibu, leo haifanyi kitu, kesho kizunguzungu, alianguka jikoni akavunja jino, na daktari ananyanyua mabega, na mimi mtu wa vipimo, miaka thelathini nimesoma mita za umeme za watu, nikasema basi, nitapanda mwenyewe, mmea ule ule, taa ile ile, matone yale yale, kila usiku sawa na usiku uliopita, kuna ubaya gani, kuna ubaya gani kutaka mtu alale. "Nani hajapata kahawa?" Alie anazunguka na birika. Bi. Wolbers naye alinipa kahawa, zamani, nikiwa bado kazini. Sitaki kumfikiria leo. Alinipa kahawa na kipande cha mkate wa zabibu wenye siagi nene, nimepiga magoti mbele ya kabati lake la mita chini ya ngazi, na kile kisahani cha mita kinazunguka kama kichaa, mchana kweupe, nyumba ya mama mmoja na mgonjwa, hapana, mgonjwa sikumjua wakati huo, nilijua kisahani tu, na dari ilikuwa ya moto, ukiweka kiganja unahisi, na feni inaguna juu kama nyuki ndani ya sanduku, na ile harufu ya bangi, naye alisimama nyuma yangu na birika mkononi, akasema, "Naona wewe ni mtu mwema," nikasema, "Asante kwa kahawa, mama," nikaandika tarakimu, vizuri, moja baada ya moja, na jioni nikazipeleka ofisini na maelezo mistari miwili. Majuma matatu baadaye nimepita na baiskeli na vitu vyake viko nje kandokando ya barabara, sofa, masanduku, taa ya mezani, na kitanda, kile kirefu cha hospitali chenye magurudumu, shuka bado liko juu yake. Nilisimamisha baiskeli. Hakuna aliyeniambia kuna kitanda. Nikaja nikamwambia Geesje, alikuwa anamenya viazi hapo hapo jikoni, mgongo wake mzima wakati huo, hakugeuka, akaniuliza, "Hukumwuliza hiyo bangi ni ya nani?" nikasema si kazi yangu kuuliza, kazi yangu ni kusoma, na akaendelea kumenya, akamenya viazi vingi kuliko tulivyohitaji, tulikula viazi siku tatu... na sasa Lubbert naye atasoma, yuko kule anasoma, mwandiko wangu, na yeye si mtu mbaya, alinisaidia kumshushia Geesje kitanda, alibeba upande mzito, lakini ataandika mistari miwili, nami nisingeweza kumlaumu, na itakuwa kitanda gani kandokando ya barabara safari hii, kile kile, kile alichokibeba yeye, miaka arobaini na moja katika nyumba hii na Geesje atakaa nje kwenye kitanda chake na blanketi lake la kijani, Hennie atatoka na themosi ya kahawa. Inuka. Nenda gonga mlango, sema nini, sema Lubbert harakisha, nina haja, mtu wa miaka sabini na moja ana ruhusa ya kuwa na haja... nimeweka sahani chini, nimeegemea mbele, na mkono umenishika kiwiko. Geesje. Ananivuta chini taratibu kama ananirekebishia kola, mdomo wake karibu na sikio, na duara lote linaendelea na habari za jiko. "Kaa," anasema. "Mwezi nimeufungua mwenyewe asubuhi." Sielewi. Halafu naelewa. Miaka yote kabla ya kupasuliwa ni yeye aliyeufungua, kila tarehe mosi ya mwezi wa tatu, kabla ya kahawa, ukurasa wenye jina lake, lakini kigari hakipiti, nataka kumwambia kigari hakipiti, na nakumbuka ule mshindo wa asubuhi ukumbini, nilikuwa najinyoa, nilidhani ni barua zimeanguka, alikiacha kigari ukumbini, alikwenda kwa kuta, kwa mikono, hatua ngapi kwake, si tisa, na si wageni basi, ngumi hii si ya wageni. Ananyanyua pembe ya blanketi magotini, kidogo tu, na naona miraba, naona herufi zangu, FENI. "Shemeji, mnanong'ona nini, mmeoana jana?" anasema Alie, na Geesje anasema kwa sauti, "Namwambia ana krimu masharubuni," wanacheka, nami nafuta masharubu ambayo hayana kitu. Kisha kwa sauti ile ya chini, macho yake kwa wageni, tabasamu liko pale pale, "Ni ya nani, Egbert?" Anajua ni ya nani. Hakuna mtu katika chumba hiki anayejua zaidi yake. Ameniuliza tu kile nilichoshindwa kuuliza siku ile mbele ya kabati la mita, na naona jinsi nilivyofanya yale yale tena, nilisoma maumivu yake kwenye kidole gumba, nikayaandika namba, nikapima dari, nikachora mlango nyuma ya kabati, nikahatarisha kitanda anacholalia, na yeye mwenyewe niliyekuwa nampimia alikuwa mita tatu kutoka kwangu, na mdomo mzima, na sikumuuliza. "Yako," nasema. "Nilidhani hivyo," anasema. "Ila sikuiona sehemu yangu kwenye karatasi." Kule juu, kichwani mwangu, ukuta wa mbao ambao sijaujenga unalala chini, taa inazimika, feni inanyamaza, masanduku ya Marleen yanarudi mahali pake chini ya mteremko, sioni tena mita nne kwa mbili na nusu, naona karatasi tupu yenye miraba, na sijui kitakachochorwa juu yake, labda kitu, labda si kitu, na swali ni fupi, ajabu lilivyo fupi, nimelitembeza nyumba nzima miezi mitatu bila kulitamka. "Unataka?" namuuliza. Anafikiri. Anafikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa, na kidole gumba kinatoka ndani ya ngumi, kinashika kidole changu. "Sijui bado," anasema. "Niulize tena wakiondoka." "Keki ya pili, nani?" Alie amesimama katikati na kisu, na kahawa yangu bado inatoa moshi, na Hennie anasema Lubbert huyo amelala huko au vipi, na mlango wa choo bado umefungwa, na mimi siusikilizi tena.