Kibodi Niliyomchagulia Wifi

Kibodi ya wifi yangu niliichagua mimi, na niliichagua kwa nia mbaya. Nasema mapema ili mtu asije akadai nilificha.

Wifi ni mke wa kaka yangu. Alipoingia nyumbani kwetu alikuwa anachapa kwa kidole kimoja, akisaka kila herufi kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Nikamfundisha mimi, mezani pa mama, kwa uvumilivu ambao sasa naujutia. Tena nikampeleka kwa mguu wangu kwa Mama Mhuri, ofisini ninakochapa. Nilidhani atakuwa msaidizi wangu. Kumbe najiletea mshindani, nimembeba mgongoni.

Mama Mhuri ndiye mwenye ofisi. Jina hilo kapewa na wateja, maana mhuri wake kaufunga kwa kamba shingoni, na karatasi haitoki mle bila yeye mwenyewe kuigonga. Ofisi ni chumba kimoja kilichokatwa kwa ukuta wa plaiwudi. Mbele kuna kaunta, printa, mashine ya fotokopi na meza zetu mbili. Nyuma yupo yeye, feni, na chupa yake ya chai. Yeye hatuoni. Anatusikia tu.

"Kompyuta ni zangu, kibodi ni zenu," alituambia. "Mnazitafuna kama karanga, sitanunua tena."

Tulikuwa tunalipwa kwa ukurasa; kila mmoja huweka alama yake chini ya karatasi, na hesabu hupigwa mwisho wa mwezi. Halafu chama cha akiba na mikopo cha madereva kikampa Mama Mhuri kazi ya kuchapa kumbukumbu za mikutano yake yote, naye akatangaza kwamba mmoja wetu atapata kiti cha kudumu, na mshahara wa kila mwezi, wateja waje wasije. Mwingine abaki na kurasa zake. Mimi nina stashahada ya uhazili. Kile kiti nilishakikalia kichwani mwangu, nikakiwekea na mto.

Kilichonikwamisha ni kibodi. Yangu ilikuwa ile ya mpira ndani, ya bei rahisi. Unabonyeza unahisi kama unakanyaga tope, na herufi A ilitaka kupigwa kwa hasira ndipo iitike. Vidole vilikuwa vinaniuma hadi kwenye kiwiko. Nilichokitaka ni kibodi ya mekanika, ile ambayo kila kitufe kina swichi yake na springi yake. Ukigusa, kinajibu. Mpya zilikuwa kwenye duka la vioo, zinawaka taa za rangi kama ukumbi wa harusi, na bei yake ukiisoma unajikuta unarudi nyuma mwenyewe. Kwa hiyo nikawa napita kwa fundi wa vifaa vya mtumba, kwenye korido ya jengo la jirani, ambako kibodi zimening'inizwa kwa nyaya zake ukutani. Pale kulikuwa na moja nyeusi, haina taa wala madoido. Nilikuwa naenda kuitazama kama mtu anavyoenda kumtazama mchumba. Kila nikikaribia bei yake, nyumbani linazuka jambo, naanza upya.

Basi jioni moja kaka akaniita sebuleni, na mkewe kakaa pembeni yake anatazama zulia.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe ndiye mtaalamu wa mambo haya. Shika hela hizi. Mchagulie wifi yako kibodi nzuri, ya bei nafuu, asiumie vidole."

Asiumie vidole! Miaka yote nimechapa kwenye tope, kaka hajawahi kuuliza vidole vyangu vinaendeleaje. Zamani zawadi ikiingia nyumbani ilikuwa ya mama au yangu. Siku hizi mfuko ukifunguliwa, naangalia tu mikono inapoelekea.

"Asante, wifi," mkewe akasema kwa ile sauti yake laini. "Ukichagua wewe, mimi roho yangu imetulia."

Nikacheka meno tu. Roho yangu mimi ilikuwa inachemka kama birika.

Kesho yake nikaenda kwa fundi. Akaniona, akaangua kicheko.

"Umekuja kuisalimia tena? Nikwambie inakukumbuka?"

"Leo nina hela, fundi. Punguza maneno."

"Eh! Haya, karibu mezani, bibi mkubwa."

Akazishusha mbili za mekanika alizokuwa nazo. Mtu asiyejua ataangalia rangi na taa. Mimi nilivua vitufe nikatazama swichi chini. Ile nyeusi yangu swichi zake za kahawia: ukibonyeza unahisi kijinundu kidogo kinachokwambia herufi imeingia, na sauti ni ya chini, ya mtu mwenye adabu. Nikapiga kila kitufe, hakuna kilichorudia herufi mara mbili. Nikautikisa waya, mawasiliano hayakukatika. Ya pili ilikuwa nyeupe iliyogeuka rangi ya siagi, swichi za bluu. Hizo za bluu hulia kwa makusudi. Nilipoigusa, ikapiga *tak!* mpaka mteja wa duka la pili akageuka.

"Hiyo inaamsha wafu," fundi akasema. "Ndiyo maana ni rahisi. Kila aliyeinunua ameirudisha. Wake zao, waume zao, majirani, wote hawalali."

Hapo ndipo wazo likanijia, tena likaja limekamilika, halihitaji kupigwa pasi. Mama Mhuri anakaa nyuma ya plaiwudi. Mama Mhuri hapendi kelele; mlio wa simu tu humtoa kwenye kiti. Mpe wifi kibodi hii, halafu tukae tuhesabu siku.

"Nikichukua zote mbili?" nikauliza.

Tukavutana bei mpaka fundi akajifuta jasho. Hela za kaka pamoja na zangu zikatosha kwa shida. Ukipiga hesabu vizuri, sehemu ya bei ya ile nyeusi ilitoka mfukoni kwa kaka. Sawa. Kaka ni kaka yangu kabla hajawa mume wa mtu.

Wifi alipoifungua ile nyeupe akaikumbatia. Naapa, akaikumbatia.

"Wifi, inalia kama mvua ya mawe kwenye bati!"

"Ndiyo nzuri hizo," nikamwambia. "Unajua kila herufi imeingia."

"Mungu akuzidishie."

Jumatatu tukaketi mezani. Mimi na nyeusi yangu, yeye na kelele zake. Alipoanza, nikainamisha kichwa kusubiri radi. *Tak-tak, taka-tak.* Nyuma ya plaiwudi feni ikazimwa.

"Nani huyo anachapa?"

Wifi akaganda. "Ni mimi, Mama."

Mimi tayari nilishaanza kutengeneza uso wa huruma.

"Endelea, mwanangu," sauti ikasema. "Endelea hivyo hivyo. Ofisi imeamka leo."

Kumbe nilisahau kitu kimoja. Mama Mhuri alianza maisha kwenye taipureta. Ujana wake wote, kazi ilikuwa na mlio, na ukimya ulikuwa ni wa mtu anayesinzia. Kwake yeye ile kelele ilikuwa muziki.

Wiki ile sikupumua. Wateja wakawa wanaingia, wanaisikia, wanapita meza yangu kama wanapita nguzo. "Nipe kwa yule dada mwenye mashine kali." Mwalimu mmoja mstaafu alisimama na karatasi zake mkononi, mimi sina kazi, vidole viko tayari, akasema, "Hapana binti, nitamsubiri yule. Anaonekana ana mkono." Ana mkono! Na mkono huo nani kautia mafunzo?

Mimi nikawa nateleza kimya, ukurasa unatoka, mwingine unafuata. Kila mara plaiwudi inagongwa. "Wewe wa huko, umelala?"

"Nachapa, Mama."

"Sisikii."

Na nyumbani ndiyo usiseme. Kaka anakula anasimulia. "Mama, mkeo huyu kasifiwa ofisini," anamwita mke wa mama kwa utani. Mama anacheka, anamwongezea wifi kipande cha nyama. Wifi naye, badala ya kujisifu nipate pa kumshika, anasema, "Ni wifi yangu. Kanichagulia vizuri."

Kila siku hiyo shukrani. Afadhali angenitukana.

"Una nini wewe mtoto?" mama akaniuliza siku moja tunaosha vyombo. "Umevimba kama puto."

"Nimechoka, mama."

"Uchovu hauangalii watu kwa jicho hilo."

Lakini wivu una faida yake, nayo ni kwamba unakunoa masikio. Kwa kuwa nilikuwa siwezi kuacha kumsikiliza, nikaanza kumsikia. Kwenye ile kibodi yake herufi zote zililia *tak*, ila kitufe cha kufuta, kile kipana cha pembeni, kilikuwa kimelegea na kulia *kop*, kama kupiga kopo. Basi nikawa nasikia: *tak-tak-tak-tak, kop, kop, kop.* *Tak-tak, kop.* Wifi alikuwa anaandika neno, analifuta, analiandika tena. Ile mvua ya mawe yote ambayo watu walikuwa wanaisifia, nusu yake ilikuwa ni kufuta. Kwenye trei ya printa kurasa zangu zilizidi zake maradufu, lakini nani anaangalia trei? Mama Mhuri hugonga mhuri akiwa anazungumza na simu.

Nikanyamaza nayo. Nilijua kiti ni changu, nikasema kazi itajisemea.

Haikujisemea. Ijumaa, ofisi imejaa, Mama Mhuri akatoka nyuma ya plaiwudi na barua ya ajira mkononi.

"Mimi sina maneno mengi," akasema. "Kiti cha kudumu nampa huyu." Akamshika wifi bega. "Masikio yangu hayajawahi kunidanganya. Mtu anayefanya kazi anasikika."

Wateja wakapiga makofi, yule mwalimu mstaafu mbele yao. Wifi akanigeukia mimi kwanza, macho yamemjaa machozi ya furaha, mikono imefunguka anataka kunikumbatia.

Ile mikono ndiyo iliyonimaliza.

"Mama," nikasema, "hebu mwambie aandike kidogo. Halafu fumba macho usikilize."

"Nisikilize nini?"

"Ile sauti nzito, ya kopo. Hicho ni kitufe cha kufuta. Uisikilize inavyorudi. Unayemsikia hafanyi kazi, Mama. Anafuta."

Mama Mhuri akanitazama, akamtazama wifi, kisha akafumba macho kweli. "Andika, mwanangu."

Wifi akaweka vidole. Vilikuwa vinatetemeka, na mtu akitetemeka hukosea zaidi; hilo nalijua. *Tak-tak, kop, kop. Tak, kop. Tak-tak-tak, kop, kop, kop.*

Kuna mteja akacheka. Mwingine akasema, "Ee bwana, hata mimi naisikia!" Wakaanza kuhesabu kwa sauti, kop ya kwanza, kop ya pili, kama watoto wanaoruka kamba. Wifi akaondoa mikono, akaificha mapajani chini ya meza. Uso wake ukabadilika, ukawa wa yule msichana wa kidole kimoja.

Mama Mhuri akafumbua macho. Akaenda kwenye trei, akapekua kurasa, akaangalia alama za kila mmoja chini ya karatasi. Alichukua muda wake. Aliporudi, barua ilikuwa imekunjwa.

"Kasema kweli," akasema, si kwa furaha. "Kazi ni yake. Kiti ni chake." Nikanyoosha mkono. Hakuiachia ile barua. "Ila umemvua nguo mwenzio mbele za watu. Ungeweza kuja kule nyuma ukanieleza. Ofisi yangu haiendeshwi hivi. Muombe radhi, hapa hapa, mbele ya hawa hawa waliocheka. Kisha uchukue barua yako."

Neno lenyewe ni fupi. Nimelichapa mara ngapi kwenye barua za watu, nikalipwa.

Wifi akainuka. "Mama, mwache," akasema taratibu. "Si mkosaji. Yeye ndiye aliyenifundisha, yeye ndiye aliyenichagulia hii kibodi. Mimi nimeshamsamehe."

Ameshanisamehe. Kabla sijafungua mdomo, ameshanisamehe, na wateja wale wale waliokuwa wanahesabu wakaanza kutikisa vichwa: jamani, mtoto ana roho nzuri huyu. Mwalimu mstaafu akatoa leso. Kaka kaenda upande wa wifi, mama kaenda upande wake, wateja wakaenda, wakarudi, na sasa wanaenda tena. Nikamwona kwa macho yangu akinishinda hata siku aliyoshindwa.

"Tunakusubiri," Mama Mhuri akasema. "Neno moja tu, binti. Usijiponze."

Nilivuta waya wa kibodi yangu nyeusi kutoka kwenye kompyuta yake, nikauzungusha mkononi. Nilichosema ni kweli, na nilikisema kwa wivu, na vyote viwili nitavibeba mwenyewe.

"Siombi radhi," nikasema. "Si leo, si kesho, si kwa barua hiyo. Siombi."