Wembe wa Pembeni

Mjinga wa siku ile alikuwa Alfayo. Ukimuuliza hatakuacha umalize swali. Atakuambia mwenyewe, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara, kwamba siku ile Nyamira nzima ilikuwa na akili timamu isipokuwa kinyozi mmoja mwenye mdomo mrefu.

Alikuwa kwenye veranda ya duka la Gopal, mahali alipoweka kiti chake cha kunyolea, anamalizia kichwa cha mwalimu mstaafu huku wengine wakingoja kwenye benchi. Mara akatokea binamu yake Mogaka. Mogaka alikuwa na msiba. Walikuwa wametoka kumzika mdogo wake, Thadeus, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kunyoa matanga.

"Nipe wembe," Mogaka akasema. "Mpya. Usioguswa na mtu."

Mkasi wa Alfayo ukasimama hewani. Mogaka huyu? Mtu aliyekuwa akisema Ukimwi ni hadithi ya redio, na kwamba kunyolewa kwa wembe mpya ni uoga wa wanaume wanaokatazwa na wake zao kuchelewa sokoni?

"Mmesikia?" akawageukia wa benchi. "Mtazameni vizuri ndugu yangu. Juzi alikuwa ananicheka, leo kajileta na miguu yake. Mogaka, bwana, somo limeingia! Ningekuwa chifu ningekuvisha kofia."

Watu wakacheka. Mogaka hakucheka. Aliutia wembe mfukoni taratibu.

"Kwa hiyo wewe unasema ni jambo zuri."

"Zuri? Ni zuri mara mia."

"Na kesho utasema hivyo mbele ya watu?"

"Hata mbele ya askofu!"

Hapo ndipo ujinga wake ulipokamilika. Alishindwa kujiuliza swali ambalo mtoto wa darasa la pili angeliuliza: boma lile lote, na wazee wake na wajukuu wake, linakuja kuchukua wembe mmoja wa nini?

Lakini tusimwonee. Alfayo alikuwa na sababu ya kupenda wembe mpya kuliko mtu mwingine yeyote pale mjini. Miaka ya tisini ilipoanza, ugonjwa ule haukuwa na jina mbele za watu. Walisema ni malaria ya mjini. Walisema ni kifua. Vijana walisema fulani amekanyaga waya, wakatazama pembeni. Wazee walisema ni amasangia, yale maradhi yanayompata mtu kwa sababu mwenzake wa ndoa ametoka nje. Makaburini ilisomwa "baada ya kuugua kwa muda mrefu", hata kwa kijana ambaye Krismasi iliyopita alikuwa akicheza mpira.

Kisha zikaja picha za mafuvu kwenye ukuta wa kituo cha afya, na watu waliokuwa hawaogopi kitu wakaanza kuogopa kila kitu. Waliogopa mkono, kikombe, choo. Waliogopa kinyozi. Kiti cha Alfayo kikakaa kitupu mpaka mbu wakakizoea. Akaenda Kisii mjini kusukuma mkokoteni wa ndizi, akalala kwenye vibaraza, akaibiwa viatu akiwa amevivaa, maana alikuwa amechoka kiasi hicho. Aliporudi alikuwa na mkasi wake, kichana chake, na mizaha mingi kuliko alivyoondoka nayo.

Aliyemrudishia wateja alikuwa Benter, muuguzi kutoka upande wa ziwani, aliyekuwa ameletwa kituo cha afya. Siku ya soko, watu wamejaa, alikuja akakaa kwenye kile kiti.

"Nipunguze nywele, kisha unisafishe shingo kwa wembe."

"Sista, mimi nanyoa wanaume."

"Kwani shingo yangu imekuambia nini?"

Akamwamuru aufungue wembe mpya juu juu, watu wauone ukitoka kwenye karatasi yake. Alipomaliza, akamwonyesha kuutupa kwenye mkebe wenye kifuniko. "Huo umemaliza kazi," akasema kwa Kiswahili chake cha ziwani. "Kichwa kingine, wembe mwingine. Na mkimsalimia mtu kwa mkono, mkinywa chai kikombe kimoja, hamtakufa. Ogopeni damu na ogopeni mambo yenu ya gizani." Soko likaangua kicheko, lakini wiki ile ile benchi likaanza kujaa. Gopal akawa anamtania, "Alfayo, nyembe zangu unanyolea au unakula?"

Benter huyo huyo ndiye aliyekuwa akienda kwenye vituo vya kuuzia majani chai kusema na watu wakisubiri mizani. Mwaka wa kwanza walimpa migongo. Mwaka uliofuata walimcheka, lakini wakiwa wamemgeukia. Mwaka Thadeus alipoanza kukonda, wanawake walikuwa wakimzuia asiondoke, huyu anauliza la mtoto, yule anauliza jinsi ya kumwogesha mgonjwa mwenye vidonda. Aliyeuliza zaidi alikuwa Kemunto, mke wa Thadeus. Ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani hadi siku ya mwisho. Mogaka katika miezi hiyo yote alikuwa akisalimia kutoka kwenye ua.

Basi, kesho yake, siku ya kunyoa, Alfayo akafika bomani mapema, sanduku lake la kazi kwapani, moyo mweupe kabisa.

Ukoo wao ulinyoa matanga kwa utaratibu mmoja. Shangazi Bathsheba, mkubwa wa wote, alikuwa na wembe wake wa kukunja, wenye mpini wa pembe. Kila mara alianza na mjane, akaja kwa ndugu wa marehemu kwa umri wao, akamalizia na watoto. Wembe mmoja kwa vichwa vyote. Maana yake ilikuwa kwamba hawa ni nyumba moja. Na ambaye hakupitiwa na wembe ule, hakuna aliyehitaji kumfukuza. Alikuwa ameshatoka.

Alfayo alidhani amekuja kushuhudia utaratibu huo ukibadilika. Alichokiona ni kigoda katikati ya uwanja, na wembe wa shangazi juu ya jani la ndizi, ule ule, unang'aa kwa kunolewa. Kisha akaona kigoda cha pili, mbali, karibu na zizi tupu. Juu yake palikuwa na wembe aliompa Mogaka jana, bado ndani ya karatasi. Kando yake alikuwa amesimama Kemunto, kitambaa cheusi kichwani, macho makavu.

"Alfayo," Mogaka akasema kwa sauti ya mkutano, "waambie watu ulichoniambia jana. Wembe mpya ni mzuri au si mzuri?"

Alfayo akakitazama kigoda cha pembeni.

"Ni mzuri."

"Alinisifu pale kwa Gopal mbele ya watu," Mogaka akawaambia waombolezaji. "Alisema nimeelimika. Basi mke wa marehemu atanyolewa na wembe wa kisasa. Sisi wa nyumba hii tutanyolewa na wetu. Ndugu yangu alikuwa mtu mzima wa afya mpaka mambo ya amasangia yalipoingia kwake, na yaliingiaje, kila mtu anajua. Aliyenyolewa pembeni atarudi kwao. Majani chai ya Thadeus yatakuwa na wa kuyachuma."

Wa kuyachuma alishapatikana. Alfayo alikuwa amewaona wachumaji njiani, wake wawili wa Mogaka na mabinti zao, vikapu mgongoni, ndani ya shamba la Thadeus, udongo wa kaburi ukiwa bado unanuka unyevu. Aliwasalimia hata! Aliwaambia wana bidii!

Akakaa chini juu ya sanduku lake. Kemunto alimtazama, na katika macho yale hapakuwa na hasira wala ombi. Palikuwa na swali tu: ni wewe kweli?

Alfayo akasimama.

"Shangazi," akasema, "na nyinyi wote. Jana nilikuwa mjinga. Mniandike hapo juu kabisa, na jina la baba yangu. Nilimwona Mogaka akichukua wembe, nikadhani ameelewa, kumbe alikuwa anatafuta fimbo ya kufukuzia mtu."

Kicheko kidogo kikatoka kwa wanawake walioketi ukutani. Kikazimwa.

"Hujajibu," Mogaka akasema. "Wembe mpya ni mzuri."

"Ni mzuri kwa kila kichwa!" Alfayo akafungua sanduku lake, akaanza kuzitoa pakiti, akazipanga juu ya jani la ndizi kando ya wembe wa shangazi. "Nimekuja nazo za soko la kesho. Huu wa Kemunto. Huu wako, Mogaka, na usiniambie kichwa chako ni kigumu, nimekinyoa miaka yote nakijua. Huu wangu. Za watoto hizi hapa. Hakuna wa pembeni."

"Yaya, yaya, hapana!" Mogaka akakataa kwa mikono miwili. "Unataka kutuua? Majirani wote wako hapo kwenye ua wanatazama. Kila mtu na wembe wake! Kufikia jioni itasemwa boma zima limekanyaga waya. Nani ataoa hapa? Nani ataleta binti yake?"

Hapo watu wakaguna, na mguno ule haukuwa wa kumuunga mkono Alfayo. Hata wajomba waliomhurumia Kemunto wakaanza kutazama viatu vyao. Ilikuwa kweli. Mwaka ule, kufungua wembe mpya matangani kulikuwa kama kumpa marehemu jina la ugonjwa wake kwa kipaza sauti.

"Mogaka ana neno," mjomba mmoja akasema polepole. "Aibu ya mmoja inabebeka. Aibu ya wote..."

"Aibu gani?" Alfayo akadakia. "Mimi wateja wangu wote nawafungulia wembe mpya. Padri, karani wa wilaya, na wewe mjomba, wiki iliyopita. Wote wagonjwa? Basi nchi hii imebakiwa na mzima mmoja, Gopal, kwa sababu ananyolewa na mkewe!"

Wakacheka, na shangazi Bathsheba akacheka mpaka akafuta jicho. Lakini Alfayo alijua kicheko anakiuza yeye kila siku. Watu hukichukua wakaenda zao, na mambo hubaki yalivyokuwa.

"Shangazi," Mogaka akasema, akimwacha kinyozi kama mtu aachavyo mbwa anayebweka, "wembe huu wa kwako ulimnyoa nani?"

"Ulininyoa mimi nilipofiwa na mume wangu," mwanamke mzee akajibu. "Ukawanyoa nyinyi mlipofiwa na baba yenu. Wewe ulilia, ulikuwa mkubwa tayari."

"Na kuna aliyekufa?"

"Kwa wembe? Sijaona."

"Basi!" Mogaka akageuka, akawaonyesha watu uso wa ushindi. "Mila yetu haina kosa. Mila haibadilishwi na vinyozi wa veranda, wala na wauguzi wa kutoka ziwani. Alfayo, kusanya bati zako. Mimi nataka mila. Wembe wa shangazi, kama siku zote, kama baba zetu."

Shangazi Bathsheba akauchukua wembe wake kutoka kwenye jani. Akaufungua. Akaangalia kigoda cha katikati, halafu kile cha pembeni, na mikono yake ikabaki hewani kama ya mtu aliyesahau alichokuwa akitafuta. "Mila," akasema, kama anajisemea, "haijawahi kuwa na vigoda viwili."

"Leo kuna sababu," Mogaka akasema.

"Sababu umeileta wewe."

"Nimeileta mimi kwa sababu mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii!"

Alfayo alikuwa ameshatumia kweli yake na mizaha yake, na pakiti zake zilikuwa bado zimelala pale juani, hakuna mkono uliozigusa.

Ndipo Kemunto alipotembea. Aliupita wembe wa pembeni bila kuutazama, akapita katikati ya wajomba waliokuwa wakitazama viatu vyao, akaja mpaka kigoda cha katikati. Akakifungua kitambaa chake cheusi, akakikunja mara mbili, akakiweka magotini, akakaa. Kisha akainua uso na kumtazama Mogaka, na sauti yake ilikuwa ya upole, kama anayemkaribisha mgeni chakula.

"Umeshinda, shemeji, na tuishike mila yote. Wembe wa shangazi, kigoda kimoja. Mjane huanza, na mkubwa wa nyumba humfuata. Basi njoo ukae hapa nyuma yangu, usiiache damu yangu ikaukie kwenye wembe."