Chemchemi ya Ukoo

Asubuhi hiyo Chemutai alikuwa kwenye foleni ya maji, ndoo mkononi, shemeji yake Andati alipomwambia atoke mstarini. Andati alikuwa mwenyekiti wa kamati ya chemchemi.

"Hii ni ya ukoo, shemeji. Wewe uchotange kwenu."

Kwenu! Kwao ni Nandi, safari ya siku nzima. Alikuwa ameolewa hapa Matungu tangu usichana wake, na mumewe Shikanga alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba. Zamani hakuna aliyemuuliza kwao ni wapi. Kiwanda kilipoanza kununua miwa na kila kipande cha shamba kikawa dhahabu, ndipo watu wakakumbuka ghafla nani ametoka wapi. Na shamba la Shikanga lilikuwa na miwa mizuri, basi. Jamani, hata haya hawakuona.

"Na Jeruto?" aliuliza, akimwonyesha binti yake.

"Huyo ni damu yetu. Achote. Ila maji yenyewe wewe usiyanywe."

Chemutai alisonya, akaenda zake.

Jioni chemchemi ilihama. Iliacha mawe makavu, ikapanda mlima polepole, ikakatiza miwa ya Andati bila kulowesha hata jani, ikaingia kwa Chemutai na kutulia chini ya kitanda. Chemutai aliondoa viatu visilowe, akateka maji ya chai.

Kulipokucha foleni ilikuwa mlangoni. Hakuna aliyeuliza chemchemi imefikaje huko. Jirani yake Rosebella alilalamika tu kwamba mlango ni mwembamba. Chemutai aliwakaribisha wote, akidhani, maskini, kwamba maneno yameisha.

Andati alikuja na kamati yake. Waliinama, wakachungulia uvunguni.

"Chemchemi ni ya ukoo," alisema, "kwa hivyo hii nyumba pia ni ya ukoo. Shemeji, utatupisha."

"Andati, si imenifuata mimi?"

"Hilo tutaliongea kwa kikao."

Chemutai alihamia jikoni, maji yakamfuata, kamati ikamtoa jikoni. Alihamia zizini, wakamtoa zizini. Watu wazima, makanisani wanakaa viti vya mbele! Chemutai alichoka nao. Alifunga nguo zake, akamshika Jeruto mkono, akaishika njia ya Nandi. Maji yakamwandama unyounyo, na nyuma ya maji ukoo mzima na ndoo zao.

"Mwizi!" walipiga kelele. "Anatuibia chemchemi!"

Njia panda aliketi juu ya jiwe apumzike. Maji yakatulia miguuni pake. Andati akapigilia kigingi hapo hapo, Rosebella akapanga watu mstari. Chemutai, koo limemkauka, akainama na kikombe.

"Aa, shemeji," Andati alisema kwa upole, akakichukua. "Tulishaongea."

Akakijaza, akampa Jeruto. Kisha akamsimamia mtoto mpaka amalize chote, asije akambakishia mama yake.