Namna Hobart Alivyosafishwa

Verna Ratliff alikuwa anachagua maharage ya madoa kwenye sinia la bati, akitoa vijiwe na yale yaliyokunjamana, marehemu mumewe alipoingia kwa mlango wa nyuma na kuvua kofia. Ilikuwa saa ya kutayarisha chakula cha jioni, na jua lilikuwa bado halijaugusa mlima. Hobart alikaa, akakohoa kwenye kitambaa chake. Kitambaa kikatoka cheusi, kama ilivyokuwa enzi za uhai wake.

"Umekuja na njaa?" Verna akamuuliza.

"Sijui kama sisi tunaona njaa. Ila harufu ya vitunguu naisikia."

Verna akamkatia mkate wa mahindi kutoka pembeni, pale palipoungua kidogo, maana ndipo alipopapenda. Hakuhitaji kuuliza kilichomleta. Upande wa pili wa meza mjukuu wao, Kelsie, alikuwa ameinamia kompyuta akiandika maelezo binafsi ya kuombea nafasi katika shule ya udaktari. Haingii mtu kule kwa alama peke yake. Sharti uandike ukurasa na ushee, useme kwa nini unautaka udaktari, na kila aliyewahi kuomba anajua kwamba ukurasa ule unataka mgonjwa, tena mgonjwa awe wa nyumbani kwako. Kelsie alikwisha kuomba mara mbili akieleza mambo ya maabara, akakataliwa. Hii ilikuwa mara yake ya mwisho. Akikosa, angebaki kuhesabu vidonge katika duka la dawa mpaka azeeke. Kwa hiyo safari hii alimwandika babu yake, na babu akaja.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na mambo yote. Hobart alichimba makaa ya mawe tangu ujana, akilivuta vumbi lake. Pumzi zilipoanza kumwishia alipigwa picha ya kifua, na daktari aliyelipwa na kampuni ya mgodi akaiinua picha kwenye mwanga, akasema mapafu ni safi, tatizo ni sigara, basi fidia hakuna. Hobart hakuwahi kuvuta sigara. Alifia barazani akiwa amekaa, kwa sababu kujilaza kulikuwa kumemshinda, na neno lake la mwisho lilikuwa tusi la kumtukana daktari yule. Kelsie hakuwepo. Alikuwa mjini anafanya mtihani.

"Umeandika sawasawa," Hobart akamwambia. "Hilo tusi umelikata mkia, lakini sawasawa."

Kelsie akampelekea rasimu Bi Prentiss, mshauri wa chuo. Kesho yake Bi Prentiss akapiga simu. Ni mama mpole, anayeongea kama anayebembeleza mtoto alale.

"Inagusa, mpenzi. Lakini wanaoyasoma haya ni madaktari. Hawafurahi kumwona mwenzao anashtakiwa. Huyo daktari mtoe. Na hasira ipunguze."

Kelsie akamfuta daktari.

Jioni ile Hobart aliingia bila kutukana. Alikaa akiikunja na kuikunjua ile kofia yake.

"Kuna mtu nilikuwa nimemkasirikia," akasema. "Simkumbuki ni nani."

"Kula," Verna akasema.

Baadaye Bi Prentiss akasema makaa nayo yana siasa, na watu wa siku hizi wamegawanyika. Aandike tu ugonjwa wa mapafu. Kelsie akaandika ugonjwa wa mapafu. Hobart akaja na kikohozi kisichotoa kitu. Verna akamshika mkono, akautazama. Miaka yote ya ndoa yao alizisugua kucha zile kila Jumamosi kwa brashi na mafuta ya taa ili mume aende kanisani kama watu, na weusi haukutoka hata siku moja. Sasa zilikuwa za waridi, kama za mchungaji.

Kilichobaki ni kile Bi Prentiss alichokiita tukio. Msomaji amwone Kelsie kando ya kitanda, ameushika mkono wa babu.

"Lakini sikuwepo," Kelsie akasema kwenye simu.

"Hakuna atakayeuliza, mpenzi. Moyo wako ulikuwepo."

Kelsie akaiweka simu chini. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Bibi, nikimlaza Babu kitandani, utanichukia?"

Verna alikuwa anamenya viazi. "Ukiipata hiyo nafasi, utarudi huku?"

"Nitarudi. Hizo picha za vifua nitazisoma mwenyewe."

"Basi mlaze."

Kesho yake Hobart hakupitia mlango wa nyuma. Alitokea chumbani, amevaa pajama za mistari ambazo Verna hakuwahi kumnunulia, na pumzi zake zikienda vizuri kabisa.

"Soma, mjukuu wangu," akasema. "Dunia inaihitaji mikono yako."

Kelsie akainamisha kichwa. Hobart alipokuwa hai, kuhusu masomo yake alisema jambo moja tu: kwamba msichana huyu atawaua kwa bili ya umeme.

Jirani yao Lovell, aliyechimba na Hobart bega kwa bega, alikuja Jumapili akikokota mtungi wake wa oksijeni.

"Umekogeshwa na nani wewe?" akamtania. "Unanukia kama bibi harusi. Haya, unaikumbuka siku ile dari la mgodi lilipotushukia, ukanivuta kwa mkanda wa suruali?"

Hobart akatabasamu. "Nimeishi maisha ya bidii na ya unyenyekevu."

Lovell akamgeukia Verna. "Shemeji, huyu siye."

"Ndiye. Ameandikwa tu."

Kelsie aliyatuma maelezo yake, na yakishatumwa hayabadilishwi tena. Akaitwa kwenye usaili. Daktari mmoja alifuta miwani, akasema angependa kumjua babu kama yule. Nafasi akapata. Lovell akamletea keki ya tufaha aliyoioka mwenyewe, imeinama upande mmoja.

Mwezi uleule Lovell alikwenda kupigwa picha ya kifua. Daktari alikuwa yuleyule wa kampuni. Akaiinua kwenye mwanga, akasema mapafu ni safi, apunguze uzito.

Kelsie akaondoka na masanduku yake. Hobart akabaki. Hana usumbufu, hakoromi, hachafui shuka, na ukimwuliza neno hujibu kwa upole. Siku moja wako barazani wawili tu, Verna akiwa anakata ncha za maharage mabichi, akamuuliza:

"Hobart, mimi ni nani?"

Hobart akamtazama vizuri, kwa adabu.

"Wewe ni bibi yake Kelsie."

Ukurasa wa Kelsie ulisema hivyo tu. Verna akamtajia jina lake. Hobart akasema ni jina zuri.