Pikapu Iliyozima Mara Tatu

Ilizima tena. Haikukohoa, haikutoa moshi, haikuaga. Ilipungua nguvu kwenye kilima, ikatikisika mara mbili, kisha kimya. Nati Moja aliiachia ijisukume kwa ule mwendo uliobaki mpaka kando ya barabara, akavuta breki ya mkono, akabaki ameung'ang'ania usukani kwa mikono yote miwili.

"Ya tatu hiyo," alisema mama yake, aliyekaa ubavuni pake na mkoba mapajani.

"Najua, mama. Kuhesabu najua."

"Sikusema hujui."

Ilikuwa saa nne kasoro robo. Madaktari wa macho walikuja hospitali kubwa kwa siku tatu tu, na leo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Majina yangeanza kuitwa saa tano, na jina la mama lilikuwa la nne. Jicho lake la kushoto lilishakufa, hakuna wa kulifufua. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na bado lilimpa vivuli: mlango, mtu aliyesimama, sahani nyeupe. Walisema lisipofanyiwa upasuaji sasa, kabla ya mwaka kwisha nalo litafunga. Madaktari wakishaondoka, kurudi kwao majaliwa.

Simu ikalia. Dada mtu, aliyekuwa ameshika foleni hospitalini tangu alfajiri.

"Mko wapi?"

"Tuko njiani."

"Njiani wapi? Mbona nasikia ndege, sisikii injini?"

"Tumesimama kidogo."

"Nati Moja! Umesahau nini tena?"

Dada yake humwita jina hilo akiwa amekasirika tu. Wengine wote humwita hivyo kila siku. Miaka kumi na moja iliyopita alirudisha injini ya lori la mteja, akamkabidhi mwenyewe funguo, kugeukia meza akakuta nati moja imebaki, inang'aa. Lori lile linatembea mpaka leo, na jina nalo linatembea. Pale gereji wana maneno yao: ukimpelekea injini, mwachie na kopo la kuwekea masalio. Yeye hucheka nao. Akifika nyumbani hachekelei chochote.

Ndiyo maana hii pikapu ya marehemu baba yake, iliyokaa juu ya matofali miaka miwili, aliitengeneza kama anayefanya mtihani. Alishusha injini peke yake. Alibadilisha ringi za pistoni, akasaga valvu, akaweka gasketi mpya, na kila nati aliyofungua aliichorea mstari wa chaki ukutani na kuufuta alipoirudisha. Ukuta ulibaki bila mstari hata mmoja. Juzi aliizungusha mitaani, ikaunguruma vizuri mpaka majirani wakatoka kuichungulia. Dada alitaka gari la kukodi, lakini mama aligoma: atakwenda na gari la baba yao au haendi kabisa.

Na sasa hii hapa, imenuna kilimani.

Alishuka, akafungua boneti. Ilipozima mara ya kwanza alisafisha plagi. Ya pili alisema koili imepata moto, akaifunika kitambaa cha maji. Mara zote mbili alifungua pia tangi na kutumbukiza kijiti, maana somo la kwanza la gereji ni hilo: usitafute mchawi kabla hujaangalia mafuta. Petroli ilikuwepo. Mara zote mbili gari liliwaka, akashukuru plagi, akashukuru koili, na baada ya mwendo mfupi likamuumbua.

Safari hii alichomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, akaingiza mkono dirishani, akazungusha ufunguo. Injini ilijizungusha bure. Kwenye mpira halikutoka hata tone.

Kijasho kikamtoka. Petroli ipo tangini, kwenye injini haifiki, na bomba la katikati alilipuliza mwenyewe kwa mdomo, ladha yake bado anayo. Aliitazama mikono yake. Lo! Labda watu wanasema kweli, aliwaza. Labda mikono imezeeka kabla yangu. Aliogopa, na hofu yenyewe haikuwa ya kuchekwa. Aliogopa kwamba atamtia mama yake gizani kwa mikono yake mwenyewe.

"Mwanangu," mama aliita kutoka ndani. "Turudi tu. Siku haikuandikwa."

"Hairudi wala haiendi, mama. Imezima. Ngoja nitazame tangi."

"Si umelitazama mara mbili? Petroli ipo. Usijisumbue kufungua."

Alikwenda hivyo hivyo. Mara mbili zile alifungua kwa pupa, huku akijilaani kwa sauti. Sasa hakuwa na nguvu hata ya kujilaani, kwa hiyo alikizungusha kifuniko taratibu. Na tangi likavuta pumzi. Fwiiii, ndefu, ya mtu aliyezibwa pua muda mrefu.

Nati Moja alisimama pale na kifuniko mkononi. Kikigoma kuingiza hewa, tangi haliwezi kutoa mafuta, kama kopo la maziwa lililotobolewa tundu moja: utaliinamisha mpaka uchoke. Halafu yeye akifungua kutumbukiza kijiti, hewa inaingia, gari linawaka, na fundi mzima anasifu koili! Alikipindua kifuniko. Katikati palikuwa na kitundu kidogo cha kuchimbwa kwa mkono, nacho kimejaa nta ya njano, imeshindiliwa hasa. Juu ya nta palikuwa na alama ya dole gumba.

Aliijua ile nta. Mama yake alishona mikoba ya ngozi maisha yake yote, na kila uzi wake ulipita kwanza kwenye nta. Jana jioni, gari lilipokwisha kuoshwa, alilizunguka akilipapasa kwa viganja, akisema analisalimia.

Alirudi mlangoni, akakiweka kifuniko kwenye kiganja cha mama yake. Mama alikipapasa, kidole kikafika katikati, kikatulia.

"Ulidhani ni uchafu utaingia, sivyo?" alisema Nati Moja. Alikuwa anampa njia ya kutokea, na alitamani aishike.

"Sikudhani. Kitundu hiki alitoboa baba yako kwa msharasi wangu wa kutobolea ngozi. Kile kifuniko cha kwanza kilipotea, akaweka hiki cha mashine nyingine, hakikuwa na tundu, gari likawa linazimazima. Nilikuwa nimekaa hapa hapa."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mama! Tangu asubuhi najiona takataka! Nimeshajivua ufundi mimi, humu kichwani nimeshafunga gereji! Na wewe umekaa hapo unanihesabia?"

"Nigombeze. Una haki."

Lori lilipita, vumbi likawafunika wote wawili.

"Naogopa," mama alisema. "Hapo ulipo nakuona. Sikuoni uso, lakini naona kuna mtu, na najua ni wewe. Madaktari wakikosea, hata huyo mtu hayupo. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nikasema, gari likikataa, si mimi niliyekataa."

Nati Moja aliegemea mlango. Hasira ilikuwa bado ipo, inamchoma, lakini haikuwa na pa kukaa. Angeweza kuitoa ile nta kwa ncha ya bisibisi, kazi ya sekunde mbili. Hakuitoa.

"Ukitaka turudi, tunarudi," alisema. "Dada nitamwambia ni mimi, nimesahau kitu. Hatashangaa."

Mama aliingiza vidole kwenye mkoba, akapekua, akatoa sindano ndefu ya kushonea ngozi. Alikitafuta kitundu kwa ukucha, akachomeka, akazungusha, akapuliza. Alikipeleka kifuniko mdomoni akapuliza tena mpaka hewa ikapita.

"Shika, baba. Funga kabla sijaghairi."

Alifunga kifuniko, akarudisha mpira wa mafuta kwenye kabureta, na pikapu ikawaka mara moja, haikuzima tena. Walipanda kile kilima, wakashuka kingine, na Nati Moja njia nzima alikuwa anaisikiliza injini tu. Saa tano na dakika kumi walikuwa mlangoni pa hospitali. Dada alikuja mbio, akamshika mama mkono, matusi yote aliyoyaandaa akayameza kwa haraka.

Mama alipokwisha kushuka aliligeukia gari.

"Usizime," alisema.

"Nini?"

"Usizime mpaka nitoke. Nikilala kule nataka nijue lipo linaningoja."

Wakaingia. Baada ya muda askari wa geti alikuja, akagonga boneti kwa rungu.

"Zima gari, mzee. Hapa ni hospitali."

"Siwezi."

"Bovu? Ukizima haliwaki?"

"Linawaka vizuri tu."

"Sasa?"

Nati Moja aliutazama ule mlango ambao mama yake aliingilia.

"Mama amesema nisizime," alisema, mwanaume wa miaka hamsini na mbili, na akakanyaga mafuta kidogo.