Tobo la Tarehe Kumi na Nne

Wenzake pale gazetini walimwita Mzee Kalenda, naye hakuona ubaya. Miaka ishirini na tano alikuwa akiandika kisanduku cha ukurasa wa mwisho, Siku Kama ya Leo: nani alifunga, nani alivunja rekodi, nani aliangushwa raundi ya pili. Kila tarehe ilikuwa na kadi yake kwenye droo, na kadi ikishaingia haitoki. Alijisifu kwamba hajawahi kumwomba msomaji radhi. Haya, mwache ajisifu.

Wiki moja kabla ya tarehe kumi na nne akaja dada mmoja, fundi cherehani, tepu ya kupimia ingali shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Ile habari yenu ya tarehe kumi na nne. Itoeni."

Kalenda hakuhitaji kufungua droo. Ni kipa aliyeitwa Komeo, aliyepigwa tobo dakika ya mwisho ya fainali, mpira ukampita katikati ya miguu na kombe likaenda zake.

"Huyo kipa ni baba yangu," fundi akasema. "Na siku hiyo ndiyo niliyozaliwa. Tangu nina akili, akishasoma gazeti anajifungia chumbani mpaka kesho yake. Mwaka huu natimiza thelathini, sijawahi kukata keki na baba yangu. Na moyo wake umechoka, mzee. Daktari kasema tusitegemee mwaka mwingine."

Kalenda alimwonea huruma, lakini huruma haifuti historia. "Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki. Nikilitoa la baba yako, kesho watapanga foleni hapa."

Fundi akainuka, macho yamemjaa machozi. "Na mama anasema baba alinipokea wodini kwa furaha, akiwa bado na jezi ya jana yake, tope mpaka shingoni."

"Jezi ya lini?"

"Ya jana yake."

Kalenda akashuka stoo, akafunua jalada la magazeti ya mwaka ule. Gazeti la tarehe kumi na nne: *jana* Komeo alipigwa tobo. Jana! Yeye, bingwa wa tarehe, alikuwa akinakili ile iliyochapwa juu ya gazeti. Akachomoa kadi nyingine kumi, akazilinganisha. Zote zilikuwa zimechelewa siku moja. Lo, kalenda nzima! Angenyamaza, nani angejua? Akapanda ngazi kwenda kwa mhariri.

Tarehe kumi na tatu gazeti likachapa lile tobo na, chini yake, radhi ya kwanza ya Mzee Kalenda. Komeo akajifungia, safari hii siku moja mapema.

Asubuhi ya kumi na nne fundi akapenyeza gazeti chini ya mlango. Kisanduku kilikuwa na mistari miwili: *Siku kama ya leo hakukuwa na mechi. Kipa Komeo alikuwa wodini, amembeba binti yake mchanga.*

Fundi alikuwa ameshakata tamaa kitasa kilipolia. Baba yake akatoka, gazeti mkononi, miwani puani.

"Siku zote nilijua wamekosea tarehe," akasema. "Lakini nani angemsikiliza mtu aliyepigwa tobo?"

Kisha akauliza keki iko wapi.